Msiba Usioingia Ndani

Watu wa Buganguzi walimwita Mama Geti, na geti lenyewe lilikuwa mti mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya panda mbili, kukatiza njia inayoingia kibanjani, kwenye nyumba na migomba yake. Mbuzi walipita chini yake, watoto waliuruka. Mtu mzima mwenye akili zake alifika pale akasimama, kwa sababu upande wa pili alikuwepo Restituta, na Restituta akiamua kukutolea uvivu utajuta kwa nini hukupita njia nyingine.

Ilikuwa mwaka ule ugonjwa uliporudi mara ya pili. Mara ya kwanza watu walinawa, wakaogopa, wakakaa mbalimbali kanisani. Mara ya pili walikuwa wamechoka kuogopa. Ndoo za kunawia zilirudishwa jikoni kwenye kazi zake za zamani, na mtu akifa walisema ni nimonia, au kifua, au shida ya kupumua, wakazika, wakala, wakarudi makwao. Ukivaa barakoa sokoni uliulizwa kama umetoka kuiba.

Restituta aliivaa. Aliivaa dukani, aliivaa kisimani, aliivaa akizungumza na padri. Alimtoa binti yake Elina shule, na mwalimu alipokuja kuuliza sababu, alijibiwa akiwa kwenye mkaratusi, akaondoka akiwa bado hajamaliza swali lake.

"Umemficha nani humo ndani?" Consolata alimuuliza siku moja. Consolata ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana, mwanamke mnene wa maneno na wa mwili, na alikuwa ameegemea ule mti kama kaunta ya baa.

"Nimemficha Elina, nimemficha baba yake, nimemficha na bibi yake. Na nikikukuta tena umeegemea geti langu, nitalipaka upupu."

Consolata alicheka mpaka akatoa machozi. Lakini aliondoa mikono.

Katika nyumba ile, mzima alikuwa Restituta peke yake. Elina alizaliwa na sikoseli. Homa ndogo tu ilitosha kumbana viungo na kifua, akalazwa, akaongezwa damu, na kila mara alitoka hospitali amepungua kidogo kuliko alivyoingia. Selestine, mume wa Restituta, alinunua dagaa visiwani kwa miaka mingi, akalala kwenye mabanda yenye moshi pamoja na wavuvi, akarudi na kifua kikuu. Kilipona, lakini kilimwachia mapafu ya kupandia kilima kwa awamu. Mama mkwe, Ma Klaudia, alikuwa na sukari. Na kabla ya hao wote alikuwepo Projestus, mtoto wake wa kwanza, naye alikuwa na sikoseli kama mdogo wake. Siku ya ubatizo wake alikuja mgeni mwenye mafua. Alimbeba, akambusu, akampigapiga mgongoni. Mafua ya kawaida tu, walisema. Wiki haijaisha, Projestus alikuwa amelala nyuma ya nyumba, kati ya migomba.

Tangu siku ile ukimwambia Restituta kitu fulani ni cha kawaida tu, unamtia wazimu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyelishinda geti lake, naye alikuwa baba mkwe wake, Ta Kajuna, na Ta huku ni kumheshimu mzee. Mzee yule alikuwa mbishi na mcheshi, na mkwewe alimpenda kuliko alivyompenda baba yake wa kumzaa. Avit, mtoto wa pili wa mzee, alikuwa amempatia mjukuu kule Maruku, na Ta Kajuna akasema anakwenda kumwona. Restituta alimkataza. Alimsihi. Mzee alivaa koti, akauinua mkaratusi kwa fimbo yake na kupita chini huku akicheka.

"Mimi nimeuzoea mlango wa kaburi, mwanangu. Kila nikibisha hodi wanasema hawapo."

Safari hii walikuwepo. Simu ilipigwa kutoka Bukoba asubuhi moja Restituta akiwa anamenya ndizi. Mzee alikuwa amefia hospitali, pumzi ilimkatikia. Restituta aliweka kisu chini na kulia kwa sauti, na alipomaliza kulia alisimama akalitazama komeo la mlango. Alijua kinachokuja. Ta Kajuna hatazikwa Maruku wala mjini. Atarudi kwenye kibanja chake, kwenye nyumba hii, na ukoo mzima utakuja nyuma yake. Wanawake watatandika nyasi sebuleni na kulala humo bega kwa bega na mjane, mpaka siku ya kuanua matanga. Watashikana mikono, watakumbatiana, watalia shingoni mwa wenzao. Na chumba cha Elina kiko hatua chache kutoka sebuleni.

*

Avit alifika kabla ya mwili, akiwa na Ta Rweyemamu, mkubwa wa ukoo. Walisimama kwenye mkaratusi. Restituta alisimama upande wa pili na mumewe, barakoa zikiwa usoni.

"Mke wetu," Ta Rweyemamu alianza, kwa sauti ya mtu asiyezoea kukatizwa, "tumekuja kupanga na ninyi. Wanawake watalala ndani na mjane. Sisi tutaota moto uani. Siku ya kuanua matanga tutamkalisha Selestine kwenye kiti cha baba yake."

"Poleni kwa safari, Ta. Uani ni kwenu, laleni. Ndani halali mtu."

Mzee alimtazama Selestine, kana kwamba mwanamke hakusema kitu. Selestine alitazama chini.

"Shemeji," Avit alisema, macho yamemvimba kwa kulia, "baba yangu anakuja nyumbani kwake. Unataka tumlaze barabarani?"

"Atalazwa uani, chini ya turubai jipya. Nitatoa chakula, kila mtu atakula kwenye jani lake. Maji ya kunawa yapo, sabuni ipo. Mtalia mpaka mchoke. Ila kizingiti kile hakivuki mtu. Mnajua kilichomuua."

"Alikufa kwa uzee!" Avit alifoka.

"Uzee ulimkuta kwako."

Neno lile lilikuwa kali kupita kiasi, na Restituta alilijua kabla halijamaliza kutoka. Hakulirudisha. Avit alipiga hatua mbele, na Ta Rweyemamu akamzuia kwa fimbo.

"Sikiliza, mwanamke," mzee alisema taratibu. "Nyumba inayoufungia msiba mlango haitoi mrithi. Tutamkalisha Avit. Kibanja kitakwenda naye, na nyumba, na kahawa. Ninyi mtatafuta pa kwenda."

Restituta aliitazama migomba iliyoizunguka nyumba. Migomba yote ile alikuwa ameipalilia kwa mikono yake. Projestus alikuwa chini yake. Alimgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliogopa jibu lake.

Selestine hakuwa mtu wa maneno. Alivuta pumzi yake ile ya awamu.

"Anavyosema mama Elina ndivyo itakavyokuwa."

"Umekaliwa, kaka," Avit alisema kwa uchungu.

"Nimekaliwa," Selestine alikubali. "Hamieni uani."

Gari lenye mwili lilikuwa limeshaanza kupanda kilima. Kugombana mbele ya jeneza ni aibu ambayo hakuna aliyetaka kuibeba, kwa hiyo Ta Rweyemamu alisema wazike kwanza, mengine yatasemwa siku ya kuanua matanga. Wakauondoa mkaratusi, watu wakaingia.

*

Mume na mke walipanga hivi: Selestine abaki nje na waombolezaji, barakoa usoni na mikono nyuma, halafu jioni aoge nyuma ya nyumba na kulala stoo, peke yake. Restituta abaki ndani na wale wawili. Mpango mzuri. Ila uliandaliwa na mtu ambaye mumewe hajafa.

Ma Klaudia alikuwa ameishi na Ta Kajuna tangu akiwa msichana. Waliposhusha jeneza aliinuka kitandani, akajifunga khanga na kuelekea mlangoni. Alimkuta mkwe wake amesimama mbele ya komeo.

"Nipishe."

"Mama, nimewaambia wamlete dirishani. Utamwona. Utakaa naye."

"Nimeosha miguu ya yule mzee. Nimemzalia. Leo nimwone kupitia dirisha kama mwuza maandazi? Nipishe, Restituta."

"Sipishi."

Kofi lilitua shavuni. Ma Klaudia hakuwa na nguvu nyingi, lakini zote zilizokuwepo alizitia mle. Restituta hakujikinga wala hakusogea. Machozi yalimtoka, hayakuwa ya kofi. Alimpenda mama huyu, na alikuwa anamtendea jambo ambalo yeye mwenyewe asingemsamehe mtu.

"Nipige tena," alisema. "Lakini huendi."

Ma Klaudia hakumpiga tena. Alifanya baya zaidi, alinyamaza. Alikwenda dirishani, akaketi kwenye kigoda, na jeneza likasogezwa mpaka chini ya dirisha, likafunuliwa. Alimlilia mumewe kutoka pale, mkono mmoja ukining'inia nje bila kumfikia. Wanawake uani walipiga yowe, wengine kwa msiba na wengine kwa kuona vile. Consolata alisema kwa sauti ya kusikika mpaka Kimwani kwamba katika miaka yake yote ya kuzika hajaona ukatili wa namna hii. Elina alimkumbatia bibi yake kiunoni na kukataa kumwachia.

Walimzika Ta Kajuna kwenye migomba. Kuanzia hapo Ma Klaudia hakumsemesha mkwe wake. Alikula alichopewa, alimeza dawa zake, alimsuka Elina nywele. Restituta akiingia chumbani, mama mkwe aligeukia ukuta.

Uani nako kulikuwa na vita vyake. Mvua ilinyesha, na mvua ya huku kwetu haijui nusu nusu. Turubai lilijaa maji na kumwagika juu ya watu waliolala. Walisimama wakitota, wameutazama ule mlango uliofungwa, na Restituta akawatazama kupitia dirishani. Kila aliyekuwa pale alikuwa ndugu yake au jirani yake. Aliwatupia mikeka yote, mablanketi yote, hata pazia za sebuleni. Mlango hakuufungua. Selestine alisimama nao mvuani usiku kucha akishikilia kona ya turubai, na nadhani hilo ndilo lililobadilisha mambo.

*

Siku ya kuanua matanga, Avit aliulizwa mbele ya ukoo kama yuko tayari kuhama Maruku aje kukaa hapa. Alimtazama kaka yake, aliyeshikilia turubai mpaka vidole vikakakamaa. Akasema kibanja ni cha Selestine, na wasimkalishe mtu mwingine yeyote kwenye kiti kile.

Restituta alisikia kutoka dirishani na nusura aimbe. Wameshinda! Nyumba ni yao, kaburi la Projestus ni lao, na mtoto mle ndani anapumua bila shida. Moyo ulimjaa wema ghafla. Akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa huku angefanya wageni wakiwa wametulia: alichukua kile kikapu kidogo chenye buni za kahawa za kutafuna, alizozichemsha na kuzikausha mwenyewe, akakipitisha dirishani. Nyumba isiyotoa buni kwa mgeni ni nyumba gani? Alikuwa amefikiria sabuni, majani, vikombe, viti vya kukaa mbalimbali. Buni hakuzifikiria, kwa sababu hakuna mtu huku anayezifikiria. Unazitoa tu, kama unavyoitikia salamu.

Kiti kilitolewa. Selestine alikalishwa, akavikwa vazi la baba yake, akapewa mkuki mkononi. Ndipo Ta Rweyemamu alipoinamia kikapu na kuokota buni moja.

Restituta alikumbuka wakati huo huo. Katika ukoo huu, mkubwa wa ukoo huivunja buni kwa meno yake. Nusu anaitafuna yeye, nusu anaitoa kinywani na kumpa mrithi, mrithi akaitafuna mbele ya watu wote. Bila hivyo kiti ni kiti tu.

"Baba Elina!" alipiga kelele. "Usile!"

Wanawake walikuwa wameanza vigelegele. Selestine aligeuza kichwa kuelekea dirishani, alimsikia. Barakoa ilikuwa imeshashushwa kidevuni. Mbele yake vidole vya mzee vilishika ile nusu ya buni, na nyuma ya mzee ulisimama ukoo uliokubali kulala mvuani kwa ajili ya mkewe. Alikuwa amewanyima nyumba. Awanyime na hili?

Alifungua kinywa.

Jioni watu walipokwisha kutawanyika, aliuendea mlango. Hakubisha. Alisimama hatua kadhaa nyuma, vazi la baba yake likiwa bado mabegani.

"Ulikula," Restituta alisema kupitia dirishani.

"Nilikula."

"Ta Rweyemamu alikuwa anakohoa. Nilimsikia nikiwa humu ndani. Wewe ulikuwa karibu naye, hukumsikia?"

"Nilimsikia, mama Elina."

Alitaka kumtukana. Alitaka kumkumbatia. Buni zilitoka mikononi mwake mwenyewe, na hilo lilimchoma kuliko yote.

"Huingii," alisema.

"Najua. Nitalala jiko la nje."

Basi mrithi wa Ta Kajuna, mwenye kibanja na nyumba na kahawa, alilala kando ya mafiga siku aliyokalishwa kwenye kiti. Buganguzi yote ilipata habari kabla ya jua kupanda, na Consolata ndiye aliyezipeleka. Mama Geti kamfungia mumewe nje! Watu walikuja kwenye mkaratusi kutazama moshi wa jiko, kama wanaokwenda kutazama ajali.

*

Ta Rweyemamu alikohoa siku chache, akasema ni baridi ya mvua, akapona. Ndivyo ugonjwa ule ulivyokuwa, hauna haya wala haki.

Selestine alianza na homa. Kisha kikohozi. Restituta alikuwa akimwekea uji na dawa kwenye kizingiti, anarudi ndani, naye anakuja kuchukua. Ikafika siku uji ulipoa pale pale kizingitini. Alichungulia, akamwona amekaa mlangoni mwa jiko, ameinamia magoti, mabega yakipanda na kushuka.

Avit na Ta Rweyemamu walikuja, wakapita mkaratusi bila kusimama.

"Mwenye nyumba hafii jikoni," Avit alisema. Alikuwa analia waziwazi. "Shemeji, fungua mlango. Tunamwingiza kitandani kwake, halafu tunatafuta gari."

"Tafuteni gari kwanza!"

"Fungua, au tunauvunja." Na alimaanisha. Alikuwa ameshika shoka la kuni.

Selestine aliinua mkono. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kusemea.

"Ta Rweyemamu," alisema. "Mlinikalisha?"

"Tulikukalisha, mwanangu."

"Neno la nyumba hii ni la nani?"

Mzee alisita. Aliona anakopelekwa, na alikuwa mtu wa desturi mno kukimbia.

"Ni lako."

"Basi nasema usifunguliwe." Alikohoa, akashika ukuta. "Avit. Weka shoka chini."

Avit aliliweka chini, akaenda kutafuta gari.

Restituta alisikia yote. Alisimama katikati ya sebule, na kilichomjia hakikuwa mawazo, zilikuwa hasira. Hivi anaogopa nini zaidi? Mume wake anazama nchi kavu mbele ya macho yake, na kesho atajisifu kwamba aliwalinda? Lakini akitoka, hatarudi ndani upesi, na aliyebaki wa kumtazama Elina ni bibi kizee aliyemkasirikia mpaka mfupani.

Alikwenda chumbani. Ma Klaudia alikuwa amekaa kitandani, uso ukutani, mkono wake ukishika mguu wa Elina.

"Mama, natoka. Naenda naye hospitali. Vidonge vya foliki vya Elina viko kabatini juu. Anywe maji mengi. Akisema anabanwa, usimsubiri azidiwe, mpigie simu Consolata alete pikipiki."

Mama mkwe hakugeuka.

"Mama, sina mwingine wa kumwachia."

Elina alisimama. Alikuwa mwembamba, macho ya njano kidogo, na uso wa babu yake wa kubishana na kila kitu. "Nitajitunza mwenyewe. Nenda kwa baba. Usimwache peke yake."

Restituta hakumbusu, asije akashindwa kutoka. Alivuta komeo, akatoka nje mwangani, na kabla hajafika jikoni alisikia komeo likirudishwa nyuma yake kwa nguvu.

Njiani kwenda Bukoba alimshika Selestine kiti cha nyuma, kichwa chake kifuani mwake, vioo vyote vimeshushwa. Barakoa yake ilikuwa imelowa machozi, haifai kitu tena. Pale hospitali walimpa hewa. Walifanya walichoweza, na Restituta, ambaye hakuwahi kumkubalia mtu neno la kwanza, alikubali kila alichoambiwa na wauguzi. Walimruhusu kukaa naye. Selestine hakusema mengi. Aliuliza kama Elina amebanwa, akaambiwa hapana. Akauliza tena kesho yake, akaambiwa hapana. Mara ya tatu aliuliza kwa macho tu.

Alikufa mchana wa jua kali, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

*

Ukoo ulikuwa umeshafika uani gari lilipopanda kilima cha Buganguzi. Mkaratusi ulikuwa umetupwa kando ya njia. Consolata alikuwa na kikundi chake, na safari hii hakusema lolote. Alivua khanga ya mabega na kumtandikia Restituta mahali pa kukaa. Restituta hakuketi. Alisimama kando ya jeneza akiwa na nguo zile zile alizoondoka nazo.

Avit alimjia. Alikuwa amezeeka kwa siku chache.

"Shemeji, nimekuheshimu kwa baba. Nikamheshimu kaka kwa neno lake. Sasa aliyesema mlango usifunguliwe ni huyu hapa, hasemi tena. Alilala jikoni kama mbwa. Leo atalala sebuleni kwake, na watu wake watalala naye."

Watu walisubiri jibu. Walimjua. Consolata alifumba macho kabisa, kama mtu anayesubiri kofi la mwenzake.

"Sawa," Restituta alisema.

Hakuwa na nguvu hata chembe. Alikuwa amemfungia mumewe nje, na mumewe alikuwa amekufa. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, kumkumbatia mtoto wake na kuweka pua kwenye nywele zake. Alipita katikati ya watu, akafika mlangoni na kuweka kiganja kwenye mbao.

"Elina. Fungua, mwanangu. Ni mama."

Miguu ilikimbia ndani. Kilio cha Elina kilikuwa karibu kabisa, upande wa pili wa ubao. Komeo lilianza kusogea.

"Acha hilo komeo," ilisema sauti ya Ma Klaudia.

Komeo lilisimama.

"Mama, ni mimi," Restituta alisema.

"Najua ni wewe."

"Mama, Selestine amekufa."

"Nimesikia. Nilimzaa mimi." Sauti ilisogea karibu na ubao. "Ulimshika?"

"Nilimshika mpaka mwisho."

"Ahsante. Basi huingii, mwanangu."

Restituta aliupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Alisema maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe, na watu uani waliinamisha vichwa wasiyasikie. Alisema ni mtoto wake, ni nyumba yake, ni nani alimpa bibi kizee huyu haki ya kumfungia nje. Aliupiga mpaka viganja vikawaka moto. Mlango haukutikisika, na hapo ndipo alipotambua kwamba haukuzuiwa na komeo peke yake. Ma Klaudia alikuwa ameuegemea kwa mwili wake wote. Alikuwa analia, kwa sauti ndogo sana, usawa wa bega la Restituta, na mtoto wake wa kumzaa alikuwa amelala uani ambako hatamfikia hata kwa mkono.

Mikono ya Restituta ilishuka.

Alibaki pale ameegemeza paji la uso kwenye mbao mpaka pumzi ikatulia. Kisha aligeuka. Ukoo mzima ulikuwa umesimama, na Avit mbele yao, wameshika jeneza tayari kuliingiza. Restituta aliketi kizingitini, mgongo wake ukiwa kwenye mlango, akanyoosha miguu ikakatiza njia yote ya kuingilia.

"Mmesikia wenyewe," aliwaambia. "Mwenye nyumba amekataa. Leteni turubai."